Familia Thabit, Watu Wanne

Simu ikalia mkononi mwangu.

"Niko depot na baba. Vitu vimefika. Ntakupigia saa ine."

Nikasoma, nikainua macho. Aliyeituma alikuwa mbele yangu, hatua kama thelathini, chini ya miti ya jardin public, bustani ya mji, anarudisha simu mfukoni. Mabegani kwake ameketi mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, gauni la njano, ameshika jumelles, zile darubini za macho mawili, kwa mikono miwili anatazama juu. Na mbele yao amesimama mwanamke mrefu, mwembamba, kitenge cha kijani, anamfunga mtoto kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa kinaning'inia kifuani kwa Thabit wangu.

Thabit wangu. Ndoa yetu ilikuwa imebaki wiki tatu. Kadi zilishagawiwa Buyenzi nzima, na shangazi Fatouma alishachagua mbuzi.

Léoncie akanigusa kwa kiwiko.

— Si nilikuambia? Mi sisemaki uongo.

Léoncie anauza vitenge meza ya tatu kutoka yangu, soko kuu. Juma lile lote alikuwa ananizungukia kuhusu Jumapili: "Mwantum, dimanche twende tuone ndege." Mi na ndege wapi na wapi, nikamwambia, ndege namjua yule wa kwenye sahani. Akasema, "We njoo tu. Utaona aina mpya."

Kumbe alikuwa na sababu yake.

Matembezi yale yalianzishwa na mwalimu Sylvère, mwalimu wa sayansi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema watoto wa Bujumbura wanajua kutofautisha milio ya bunduki zote, lakini ndege hawamjui hata mmoja. Basi kila dimanche saa kumi na mbili na nusu anakusanya familia, anazungusha bustani, anaonyesha. Mwezi ule wa nne, mwaka 2003, alikuwa anawaambia watoto kwamba huko Ulaya sasa ni printemps, baridi imekwisha, mbayuwayu wanatuaga wanarudi zao. Watoto wakauliza kama na wao wanaweza kuondoka nao.

Kwa vile ilikuwa vita, na mtu mwenye jumelles siku zile alionekana kama anapeleleza, askari walitoa ruhusa kwa sharti moja. Waje watu wa familia tu, na kila familia iandikwe mlangoni kwa jina la baba. Mi niliandikwa kwa Léoncie, chini ya bwana yake, kama mdogo wake.

Nikarudi mlangoni. Daftari lilikuwa mezani, koplo amekwenda kununua mandazi. Nikafungua ukurasa wa siku ile.

"Famille Thabit Nassor. Bwana, muke, mutoto. Watu watatu."

Nikafungua wa dimanche iliyopita. Watatu. Iliyotangulia, watatu. Nikafungua mpaka mwezi wa kwanza. Watatu, watatu, watatu.

Sikukimbia. Nilitembea, tena taratibu, kama mtu anayekwenda kununua chumvi.

— Depot imeota miti siku hizi?

Thabit akageuka. Mtoto mabegani akageuka naye.

— Mwantum.

— Jina langu unalikumbuka. Vizuri sana.

— Nisikilize kwanza.

— Nisikilize nini? Mi leo nasoma. Nimesoma message yako, nimesoma na daftari la mlangoni. Bwana, muke, mutoto. Unajua kuandika we. Umefundishwa wapi?

— Dada, yule mwanamke akasema kwa sauti ndogo, tafadhali, teremsha sauti.

— Usiniite dada. Mi na we hatukugawana mama. Tumegawana bwana tu, naona.

— Mwantum, si vile unafikiri, Thabit akasema.

— Hata wezi wanasema vile. Mutoto wa nani huyu?

Akashika miguu ya mtoto.

— Thabit Nassor, ninakuuliza. Shangazi yangu amenilea kwa kuuza samaki mpaka vidole vyake havinyooki. Amekupokea kwake, amekupa kiti, amekula na mama yako. Mutoto huyu ni wa nani?

Familia zote zilikuwa zimesimama. Watoto walishusha jumelles kutoka mitini wakatuelekezea sisi. Sylvère akaja na daftari lake la ndege kifuani.

— Jamani, tafadhali. Tumefukuza kila kitu chenye mabawa.

— Mwalimu, bado huyu mmoja, nikasema. Huyu hatoki.

Na hapo koplo akafika, mandazi mkononi, bunduki mgongoni.

— Kuna nini hapa?

Mungu anisamehe kwa nilichosema. Nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia sura yoyote ya madrasa.

— Chef, huyu amedanganya kwenye daftari yako. Huyu mwanamke si muke wake. Muke wake ni mi, wiki tatu zijazo. Kadi iko hapa, soma.

Koplo hakuisoma kadi. Alilikunja karatasi la mandazi, akalitia mfukoni, akamnyooshea yule mwanamke mkono kuomba kitambulisho.

— Karangamuntu.

— Nimeisahau nyumbani, chef.

— Nyumbani wapi?

— Gasenyi.

— Gasenyi. Pale mwisho, chini ya milima. Jina?

— Laure.

— Sasa, Laure, kama bwana yako si huyu, ni nani? Na iko wapi?

Kwenye mji mwingine hilo ni swali la umbea tu. Kwetu, mwaka ule, mtu aliweza kuulizwa hivyo asubuhi na jioni asirudi kwake.

Mi nimekulia kwenye maneno. Uso wa mwanamke aliyefumaniwa naujua vizuri: anatazama chini, au anamtazama mwanaume amsemee. Laure hakutazama chini wala hakumtazama Thabit. Alikuwa anatazama geti la bustani, anapima ni hatua ngapi. Na mkono wake ulikuwa umeshika kiatu cha mtoto, ameshika kweli kweli, kama kiatu kile ndicho mtoto mwenyewe.

Thabit alinitazama mi. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, na nikaona mwanaume mzima ananiomba kitu asichoweza kukitaja.

— Nimeuliza, koplo akasema. Kila mwanamke mwenye mutoto iko na bwana mahali. Wengine mabwana zao wako kazini, wengine wako kaburini. Na wengine wako kule juu na waasi. Alinyoosha kidole kwenye milima. We wako iko wapi?

Hasira yangu ilikuwa bado ya moto, sitaki kudanganya. Lakini mdomo ulifunguka.

— Chef, samahani. Nimesema vibaya.

— Nini?

— Ni muke wake. Wa kwanza. Mi ni wa pili. Dini yetu inaruhusu, na mi nilikubali, lakini leo nimewaona wameshikana hivi, wivu ukanipanda kichwani. Sisi wake wenza tuko hivyo.

Koplo akasogea hatua moja.

— Dakika moja iliyopita ulisema si muke wake.

— Ulishawahi kuona muke mwenza anakubali kwamba yule mwingine ni muke?

Mtu mmoja nyuma akacheka. Koplo hakucheka.

— Mwalimu, akamwita Sylvère. We ndiye mwenye watu hawa. Unamjua huyu mama kama muke wa huyu bwana?

Sylvère alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa Mkristo mzuri, wa kwaya.

— Namjua hivyo, akasema.

— Apana. We kila dimanche nakusikia hapa unawafundisha watoto: ndege aliyeonwa na mutu mmoja haandikwi, mpaka aonwe na wawili. Nipe wa pili.

Ni kweli, ndiyo ilikuwa kanuni yao. Mtoto akipiga kelele "nimeona," Sylvère anauliza "na nani mwingine?" Kama hakuna, kalamu haigusi karatasi.

Watu wakageukia mitini. Nani angejitia kwenye kesi ya watu siku zile? Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, sauti ninayoijua mpaka usingizini.

— Mi nawaona hapa dimanche zote, chef, Léoncie akasema. Wanashikana mikono, wanagawana mayai, mutoto anamwita papa. Muke wake kabisa. Mi ndiye nimemleta huyu wa pili ajionee.

Léoncie alisema ili kuniumiza, alikuwa hajui kitu. Lakini alisema, na walikuwa wawili.

Koplo akarudi mezani, akachukua kalamu, akakata "watatu" akaandika juu yake. "Bwana, wake 2, mutoto. Watu wanne."

— Nyinyi, akasema, mugombanie nyumbani. Hapa ni pa ndege.

* * *

Nilimvuta Thabit mpaka nyuma ya mianzi. Laure alibaki kwenye benchi na mtoto.

— Sema haraka, kabla sijabadilisha maneno tena.

— Unamkumbuka Astère?

— Yule wa kubeba magunia dukani kwa baba yako?

— Huyo. Mwaka 95 Buyenzi ilipowaka moto, sisi wote tulikimbia. Mama alibaki ndani, miguu imevimba, hawezi kutembea. Astère ndiye alirudi. Yeye waliyekuwa wanamtafuta kwa kabila lake, Mwantum, ndiye aliyerudi. Alimbeba mama yangu mgongoni mpaka Rohero. Baadaye akapanda milimani. Laure ni muke wake. Chanelle ni mutoto wake. Aliniambia neno moja tu: niangalizie hawa.

— Na ndege?

Akajikuna shingo, pale miguu ya mtoto ilipokuwa.

— Bomu liliangukia nyumba ya jirani yao. Tangu siku ile mutoto anaogopa anga. Akitoka nje anainama, anatembea kama anatafuta sindano. Sylvère alisema, mpe kitu kingine cha kutafuta huko juu. Tukamleta. Dimanche ya tatu akainua kichwa. Lakini hapa wanaandika kwa jina la baba, na mama asiye na bwana anaulizwa. Umesikia mwenyewe.

Nilisikia. Nilikuwa mi ndiye niliyeulizisha.

— Thabit, haya yote mazuri. Nakuuliza kitu kimoja. Kwa nini hukuniambia?

Akachuma jani la mwanzi.

— Miezi, Thabit. Kila dimanche "niko depot." Kwa nini?

— Mwantum, we unapenda watu. Kwenu hapakosi watu ishirini. Kitu ukikijua saa mbili, saa tatu kiko sokoni. Mi...

— Maliza.

— Niliogopa mdomo wako.

Angenizaba kofi ningejua la kufanya. Ningemrudishia.

— Kwa hiyo ulitaka kunioa mpaka shingoni, nikasema. Mdomo ubaki kwa shangazi.

— Sikusema hivyo.

— Umesema hivyo. Wiki tatu nilale kitanda kimoja na mutu anayeniogopa kama redio. Sasa tazama. Ungeniambia, nisingekuja hapa leo kupiga kelele. Siri yako ndiyo ilitaka kuwaua hawa, si mdomo wangu.

— Na mdomo wako ndio umewaokoa.

— Usinipake mafuta. Ondoka mbele yangu.

Nikapita kwenye benchi nikielekea getini. Laure akasimama. Nilidhani atanishukuru.

— Dada, akasema, ulitaka kuniua leo.

— Najua.

— Mbele ya mutoto wangu.

— Najua, Laure.

— Basi sitasema asante.

— Usiseme.

Nikampenda palepale, na nikiwa bado namchukia. Sijui kama kuna neno la hiyo hali.

* * *

Nilipofika Buyenzi habari ilishatangulia, imeoga, imekula, inanisubiri mlangoni. Wanawake wanane walikuwa uani kwa shangazi. Mchele ulikuwa kwenye ungo na hakuna aliyekuwa anauchagua.

Shangazi Fatouma hakunisalimia.

— Léoncie anasema Thabit iko na muke na mutoto. Anasema ulisimama mbele ya askari ukatamka kwa kinywa chako kwamba we ni wa pili. Mwambie amesema uongo, ili nimfukuze hapa.

Wanawake wanane. Nusu yao wana dada zao Gasenyi, Kigobe, Rohero. Wana mashoga, wana waume wanaokunywa na askari. Neno moja tu ningesema pale, "si muke wake, ni wa Astère," na shangazi yangu angenikumbatia, na jioni ingefika kwa koplo.

Niliona neno lile limekaa ulimini. Tamu. Nimeshasema maneno mengi maishani, lakini hilo ndilo peke yake nililolitaka kwa njaa.

— Ni kweli, shangazi.

— Rudia.

— Ni kweli. Nilijua.

Akaweka ungo chini.

— Mi nilikuwa wa pili, akasema. Miaka kumi na mbili. Nilikula baada ya mwenzangu, nilivaa baada yake, nikafukuzwa kabla yake. Nilikulea we ili mutu mmoja katika ukoo huu asikae kwenye kile kiti. Na we umekifuata mwenyewe, unajua.

— Shangazi...

— Ukitaka kuolewa, olewa. Mbuzi ataliwa. Lakini mi nyumbani kwako sikanyagi.

Akaingia ndani. Wanawake wakaanza kuchagua mchele, haraka haraka, kama wameajiriwa.

Thabit alipiga simu jioni ile.

— Nakuja kumwambia shangazi ukweli. Sasa hivi.

— Ukithubutu.

— Amekulea. Atanyamaza.

— We asubuhi uliogopa mdomo wangu, sasa unauamini wa shangazi? Shangazi ananishinda mi, Thabit. Mi nimejifunza kwake.

— Basi tuvunje ndoa, watu watasahau.

— Tukivunja watauliza kwa nini. Wakiuliza kwa nini watamfuata Laure mpaka Gasenyi kumuuliza yeye. Ulifikiri mpaka hapo we, au uliishia kwenye message za depot?

Nikasikia pumzi yake. Nikamfikiria na mtoto wa mwenzake mabegani, miezi yote hiyo, hana wa kumwambia. Mwanaume wa kubeba mzigo wa mwenzake kimya kimya ndiye niliyekuwa namtafuta maisha yangu, na kimya chake hichohicho ndicho kilichonitukana. Nilimkasirikia na kumtaka kwa kitu kilekile.

Nikamkatia simu. Halafu nikamwandikia:

"Ndoa iko palepale. Usinizoee."

* * *

Tukaoana mwezi wa tano. Mbuzi aliliwa. Shangazi alikaa jikoni kwake, akapika kwa watu mia, na hakutoka uani hata nilipokwenda kumbusu mkono. Alinipa mkono wenye unga, akageukia sufuria. Waimbaji waliimba mafumbo ya kiti cha pili mpaka sauti zikakauka, na mi nikacheza, kwa sababu bi harusi asiyecheza anaongeza ngoma. Mama yake Thabit peke yake ndiye aliyejua. Alinishika kichwa akanong'ona, "Miguu yangu hii inakushukuru." Nikamjibu, "Mwambie mwanao aombe msamaha, mama, si miguu."

Na kila dimanche nilikwenda bustanini. Nilikwenda kwa hasira. Bwana, wake 2, mutoto. Koplo akituona anacheka, "Leo amani?" na mi nabinua mdomo kidogo ili aamini. Laure na mi tulijifunza kugombania mtungi wa chai kama wake wenza wa kweli. Siku nyingine tuligombana kweli. Thabit alitembea katikati kama mtu anayevuka barabara yenye magari pande zote.

Chanelle ndiye aliyenifundisha ndege. Alikuwa anavuta kitenge changu, ananong'ona, "Mama mudogo, umeona?" Nikisema sijaona, anakasirika, kwa sababu bila mi ndege wake asingeandikwa.

— Tazama vizuri, anasema. Mbona una macho mawili?

Sokoni walinicheka mwaka mzima. "Wa pili, habari ya wa kwanza?" Wateja wangu walihamia kwa Léoncie kusikia zaidi. Nilirudi nyumbani nimevimba maneno, na Thabit akiniuliza "Umeshindaje?" namwambia, "Nimeshinda kimya. Ile kazi uliyosema siiwezi." Namwambia hivyo akila, akivaa, akitaka kulala. Hakuna siku aliyojibu. Hapo nilimsifu kidogo, moyoni tu.

* * *

Mwaka uliofuata, mkataba wa amani ukishatiwa saini, waliokuwa milimani wakaanza kushuka. Si wote, lakini wengi. Na mi mwezi wa tatu nikajifungua mtoto wa kike, Tahani.

Siku ya saba tulifanya akika. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, vile ninavyopenda. Mbayuwayu walikuwa wamejipanga kwenye waya wa umeme nje, wengi hawahesabiki. Shangazi Fatouma alikuja. Alikuja kwa ajili ya mtoto, akasema hivyo mlangoni ili kila mtu asikie, akakaa karibu na viatu vyake.

Saa nne mlango ukafunguliwa tena. Laure akaingia, kitenge kilekile cha kijani. Chanelle mbele yake.

— Muke mkubwa huyo, mtu akanong'ona.

Na nyuma yao mwanaume mwembamba, amekonda, shati la kuazima, anatazama sakafu kama mtu aliyesahau namna ya kuingia ndani ya nyumba. Mama yake Thabit akainuka kwenye mkeka. Na ile miguu yake. Akavuka chumba, akamshika yule mtu mashavu.

— Astère, akasema. Umechelewa, mwanangu.

Laure akawageukia wanawake.

— Mi naitwa Laure. Huyu ni bwana yangu. Sijawahi kuwa na mwingine. Na huyu aliyelala hapa na mutoto mchanga si wa pili wa mutu yeyote. Alisema hivyo mara moja mbele ya askari ili mi nisichukuliwe, halafu akakaa nayo mwaka mzima, na nyinyi mukimwimbia.

Léoncie alikuwa na mnofu wa nyama mkononi, nusu njia.

Shangazi akasimama. Aliacha viatu vyake mlangoni, akaja mpaka kitandani kwangu.

— Miezi kumi na moja, akasema. Mi niliyekulea. Kwa nini hukuniambia?

— Ungeweza kunyamaza, shangazi?

Akafungua mdomo. Akatazama wale wanawake wanane, wote walikuwepo. Akatazama mikono yake.

— Apana, akasema.

Akakaa kitandani, akamchukua Tahani, akamfunika uso kwa mtandio wake, nadhani ili afunike na wa kwake. Mi sikulia. Mi nilikuwa na kazi nyingine.

— Thabit. Njoo hapa katikati.

— Mwantum, watu...

— Hao hao watu. Njoo. Sema ulichoniambia nyuma ya mianzi.

Alisimama katikati ya chumba, kanzu nyeupe, jasho kwenye masharubu.

— Nilisema naogopa mdomo wake.

— Na sasa?

— Nilikosea.

— Sijasikia. Léoncie, we umesikia?

— Mi sijasikia vizuri, Léoncie akasema, na safari hii alikuwa upande wangu.

— Nilikosea, Thabit akasema, sauti ikafika mpaka kwenye ngazi. Muke wangu amejua kunyamaza kuliko mi. Mi nilinyamaza nikiheshimiwa. Yeye amenyamaza akitukanwa.

Nilimtazama. Ile hasira sikuisikia ikiondoka. Ilijisogeza tu pembeni, ikakaa, kama mgeni aliyekwisha pewa kiti.

— Kuanzia leo, nikamwambia, kitu ukikiona we, nikione na mi. Kama siyo, hakijaonekana.

— Kama ndege, Chanelle akasema.

— Kama ndege.

Pilau ikaletwa. Watu walikula bila kusema, kitu ambacho hakijawahi kutokea nyumbani kwangu. Wananitazama, wanatazamana, vijiko vinagonga sahani. Mwishowe Léoncie akashindwa.

— Mwantum, akaniuliza kwa adabu ambayo sikuijua kwake. Hii habari sasa, inaweza kusemwa?

Nyumba nzima ikasubiri jibu langu.

— Semeni, nikasema. Buyenzi yote, soko lote. Na museme kwa sauti ile ile mliyosemea ya kwanza.

Léoncie alikuwa ameshavaa viatu.